Sauti Isiyokohoa

Mchana ule stendi haikuwa na pa kutia mguu. Fundi simu alikuwa ameinamia meza yake pale miguu miwili iliposimama mbele yake, naye akaiona kabla hajamwona mwenyewe: raba nyeupe, kila moja imechorwa jogoo mwekundu aliyepanua mdomo kana kwamba anawika palepale.

"Fundi, simu yangu imezama kwenye kopo la rangi."

Akainua macho. Gauni la bluu, kilemba cha manjano, rangi kavu kwenye kucha, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu.

"Kopo la rangi! Ulitaka kuipamba, bibie, au kuiua?"

Hakucheka. "Humo ndani yumo mume wangu," alisema.

Fundi aliifungua, akaisafisha kwa spiriti, akaibembeleza mpaka ikawaka. Mara sauti nene ya mwanamume ikajaa mezani: "Haya, wenye miguu! Mke wangu akichora jogoo, mtaa mzima unaamka!" Kikafuata kikohozi kidogo, kisha kicheko. Mwanamke alikuwa amefumba macho.

"Mzee anajua kuongea," Fundi alisema.

"Alijua."

Mke na mume hawa hawakuanza na duka wala mkopo. Walianza na brashi moja, simu moja na mdomo wa mume. Mke alichora raba kuukuu, mume akashika simu na kumtania, na mtandaoni watu wakamiminika. Oda zilitoka miji ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Kisha kifua kikamchukua mume. Mjane hakumwambia mfuasi hata mmoja. Aliendelea kurusha vipande vya sauti vilivyobaki, kidogo kidogo, kama mtu anayebana sukari ya mwisho, na marehemu akaendelea kulisha nyumba yake.

Fundi alisaka kila sauti iliyojificha kwenye simu ile, na kila aliyoipata ikawa sababu ya kumpigia mwenyewe.

"Nimepata nyingine, bibie."

"Fundi, wewe huna wateja wengine?"

"Ninao. Ila simu zao zinapona haraka mno. Yako naiombea ugonjwa."

Akacheka, kwa mara ya kwanza, na Fundi, kwisha habari yake.

Siku sauti ya mwisho ilipotumika, Fundi alimkuta mwanamke nyumbani kwake, amekaa kwenye mkeka wenye madoa ya rangi, raba mbele yake, brashi mkononi haigusi kitu. Fundi alitaka kumchekesha tu. Alikuwa amemsikiliza marehemu mchana kutwa kwa miezi, hata koo lake lilishamzoea.

"Haya, wenye miguu!" alisema.

Brashi ikaanguka. Mwanamke akafumba macho. "Rudia," alinong'ona.

Akarudia, na ndipo walipokosea. Video ikarushwa, hakuna aliyeshtuka, oda zikarudi. Fundi akawa anakuja kila jioni, anashika simu alipoishika yule, anatania alivyotania yule. Mwanamke akamwegemea begani, akamwita mpenzi, lakini siku zote macho yake yamefumbwa.

"Nakupenda," Fundi alimwambia siku moja kwenye simu, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba yenye mikwaruzo.

Mwanamke akajibu: "Sema tena. Kwa ile nyingine."

Na mjinga yule akasema! Tangu hapo sauti ile ikawa inamtoka bila kuitwa. Akiagiza chai, imo. Akimsalimu jirani, imo. Asubuhi moja alijisikia akikemea paka kwa sauti ya mtu aliyezikwa, akaogopa, akakaa bila kusema neno mpaka adhuhuri.

Jioni hiyo wakiwa wanarekodi, simu ya mama mkwe ikaingia. Mwanamke akaiweka spika, maana mikono ilikuwa imejaa rangi.

"Mkwe wangu, umesikia?" Bibi yule alikuwa analia na kucheka. "Mimi husikiliza video zenu zote nipate kumsikia. Hizi za karibuni mwanangu hakohoi! Hata mara moja! Huko aliko kifua kimepona."

Simu ilipokatika, hakuna aliyemtazama mwenzake. Fundi akaiweka chini simu aliyokuwa anarekodia.

"Mimi siwezi tena."

"Na oda? Na nyumba hii? Sauti ile ndiyo mtaji wangu, Fundi!"

"Mtaji wako ni mkono wako. Leo nilikuja na swali langu, lakini sijui ungemjibu nani."

"Basi nenda! Umenirudishia mume ili umuue tena."

Akaenda. Wiki zikapita, naye akawa anaishika simu na kuiweka. Alimpenda mwanamke, na alimwogopa yule marehemu aliyekaa katikati yao.

Mchana mmoja, mezani kwake, video mpya ikatokea. Mwanzoni haikuwa na maneno, ila brashi ikikwaruza kitambaa. Kisha sauti ya kike, ikitetemeka: "Mume wangu alifariki. Sauti ya video za karibuni haikuwa yake. Niliwadanganya, nikajidanganya na mimi. Anayetaka viatu, mchoraji ni mimi."

Chini yake matusi yalikuwa yameporomoka: tapeli, mchawi. Wengi waliondoka. Mmoja aliuliza kama kuna saizi kubwa.

Fundi alikuwa bado anasoma wakati raba mbili ziliposimama mbele ya meza, nyeupe tupu, hazina jogoo. Fundi akafungua mdomo amkaribishe, na sauti ya marehemu ikamtangulia: "Karibu, mrembo wangu!"

Wote wawili wakashtuka. Fundi akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini mwanamke hakufumba macho.

"Huyo simtafuti," alisema taratibu. "Simu ile nimempelekea mama mkwe, pamoja na kikohozi cha mwanawe. Namtafuta mwenye meza."

Fundi akanywa maji. "Nipo," alisema, mikwaruzo na yote. "Ila sauti yangu haiuzi viatu, bibie."

"Sikuja kuiuza. Uliza swali lako."

"Utaolewa na mimi?"

Machozi yalimjaa mwanamke mpaka yakamwagika, naye hakupepesa.

"Sema tena," alisema.

Moyo ukampasuka Fundi. "Kwa sauti ipi?"

"Hiyo hiyo."