Fundo la Chitenge na Mkanda wa Lombe

Kila asubuhi Lombe alipita nyumbani kwa mama yake kugeuza chisense. Samaki hao wadogo walianikwa juu ya wavu nyuma ya nyumba, karibu na ziwa. Mama yake, Pierrette, alianza upande mmoja. Lombe alianza upande wa pili. Waligeuza polepole mpaka wakutane katikati. Walifanya hivyo tangu Lombe akiwa mtoto. Sasa mtoto wa Lombe, Chouchou, aliyekaa kwa bibi yake, ndiye aliyefukuza kuku.

Lombe alikuwa polisi wa kike. Alifanya kazi bandarini Nchelenge bila kuvaa sare. Asubuhi alichukua bastola ofisini kabla ya kupita kwa mama yake, na jioni aliirudisha. Watu hawakutakiwa kuiona.

Siku moja walikuwa karibu kukutana katikati. Lombe aliinama zaidi. Kitu kizito kikaanguka juu ya samaki.

Ilikuwa bastola. Chouchou aliiona kwanza, akanyoosha mkono. Lombe alimsukuma kwa bega, akaifunika kwa mikono yake miwili. Mtoto alianguka chini, akalia. Bastola haikulia.

Pierrette alimnyanyua mjukuu wake. Aliuliza ile bastola ilikuwa imekaa wapi. Lombe alionyesha kiunoni. Alikuwa ameifunga ndani ya fundo la chitenge, kitambaa alichojifunga juu ya nguo.

Pierrette alilijua sana fundo hilo. Yeye ndiye aliyemfundisha. Zamani, alipovuka ziwa kutoka Kongo kwa mtumbwi, alifunga ufunguo wa nyumba yao kiunoni namna ile. Mawimbi yalikuwa makubwa. Viatu vilipotea, sufuria ikapotea, lakini ufunguo ulifika. Nyumba yenyewe haiko tena. Ufunguo bado uko. Baadaye, fundo lile lilibeba peremende za Lombe. Alipobebwa mgongoni alipitisha mkono mdogo kiunoni kwa mama, akazitafuta. Hata leo harufu ya peremende na samaki humrudisha pale.

Lakini Pierrette hakusema hayo. Alisema, "Usipite tena hapa na ile kintu."

"Mama, njia ya kazi inapita hapa. Nisipopita asubuhi, mutoto nitamuona wakati amelala."

"Nimesema."

Lombe aliondoka. Samaki wa katikati walibaki bila kugeuzwa.

Jioni, akiisha kurudisha bastola, alienda kwa jirani yao, Maman Thelma. Maman Thelma alikuwa polisi miaka mingi, akafundisha askari kutumia silaha. Alifanya kazi Chienge, mpakani, na Kiswahili chake alikipata kwa wafanyabiashara wa Kongo. Lombe alimweleza yote. Alisema mkanda aliopewa kazini ulimchoma mfupa wa nyonga, na mpini wa bastola ulimgonga mbavu. Aliona haya kuomba mwingine mbele ya wanaume. Ndiyo sababu alitumia chitenge.

Maman Thelma hakumcheka. Alimwambia kwamba mkanda ule ulikatwa kwa kiuno cha mwanaume, kilichonyooka. Kiuno cha mwanamke kina mviringo. Nyonga inausukuma mpini mpaka mbavuni.

"Lakini fundo, hapana," alisema. "Ufunguo ukianguka, unaokota tu. Bastola ikianguka, unaweza kuokota mutu."

Jumamosi Lombe hakuwa kazini. Maman Thelma alikuja nyumbani kwa Pierrette na bastola ya mti, iliyochongwa kwa ajili ya mafunzo. Alileta pia mifuko miwili ya bastola. Pierrette alikaa mlangoni akichambua mboga, kama mtu asiyesikiliza.

Mfuko wa kwanza ulikuwa wa kitambaa laini. Lombe aliupenda, kwa sababu haukuuma. Maman Thelma alimwambia auminye. Ulijikunja wote.

"Umeona? Kidole cha mutoto kinaweza kubonyeza kifyatulio kupitia kitambaa. Mufuko muzuri ni mugumu. Unafunika kifyatulio chote."

Mfuko wa pili ulikuwa mgumu. Maman Thelma aliugeuza juu chini, akautikisa. Bastola ya mti haikutoka. Kisha wakatazama mkanda. Mkanda mwembamba wa kazini ulipinda na mfuko ukalala upande. Maman Thelma alisema unatakiwa mkanda wa ngozi nene, uliokatwa kwa mviringo kidogo kufuata nyonga, na upana wake ujae sawasawa kwenye vitanzi vya mfuko.

"Mupana," Pierrette alisema mlangoni. Wote wakageuka. "Kama kubeba mutoto. Ukitandaza chitenge, uzito hauchomi. Ukikiacha kiwe kamba, kinakata."

"Njo vile, ni kweli, Maman Pierrette," alisema Thelma. "Kumbe mwalimu alikuwa kwenye mboga."

Fundi viatu Chibwe alishona mkanda wa ngozi mbili. Lombe aliujaribu na bastola ya mti. Aliusogeza mbele ya mfupa wa nyonga, akauinamisha mfuko kidogo, na mpini ukaacha kugonga mbavu. Ndani alivaa fulana ili ngozi isichubuke. Juu alivaa blauzi pana. Alikaa, akachuchumaa, akainama kama mtu anayegeuza samaki. Blauzi ilipanda, ikaonyesha mfuko. Pierrette alileta sindano, akaongeza kitambaa kwenye pindo la chini la blauzi.

Maman Thelma aliacha maneno machache ya mwisho. Nyumbani bastola haitoki mfukoni. Ukitaka kubeba mtoto mgongoni, irudishe kwanza ofisini.

Jumatatu Lombe alienda kwa mkuu wake. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini aliomba. Alipewa mfuko mgumu, na ule mkanda ukakubaliwa.

Asubuhi iliyofuata alisimama njiani, kando ya nyumba ya mama yake, na bastola ndani ya mfuko mpya. Hakuingia. Mama yake alikuwa ameinama juu ya wavu peke yake. Alikuwa amegeuza upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa unangoja.

Lombe aliingia uani, akainama. Hakuna kilichoanguka. Waligeuza mpaka mikono yao ikakutana katikati. Pierrette hakuondoa mkono wake.

"Nilisema usipite," alisema. "Haikuwa ile nilitaka kusema. Niko naogopa, Lombe. Kila siku niko naangalia njia mpaka unatokea. Pita, mutoto wangu. Pita kila siku."