Kisanduku cha Mguu wa Kitanda

Kila asubuhi nafagia karakana kabla baba hajawasha mashine. Napenda saa hiyo. Vumbi la mbao limelala, na hakuna wa kunisemesha. Baba anatengeneza vitanda na milango. Mama yuko mbali. Huu ni mwaka wa tatu anafanya usafi katika hospitali ya huko, na sauti yake tunaipata kwa simu siku za Jumapili tu.

Jumapili moja alituambia kwamba barua zetu anaziweka kwenye kopo la plastiki, pamoja na hereni zake. 

"Nitumieni kisanduku cha mbao," akasema. "Huku hakuna kinachonukia nyumbani."

Mwenzake wa kazini alikuwa huku kwetu kwa likizo, naye angerudi Jumamosi na kukibeba. Baba akaingia stoo, akatoa miguu ya kitanda chao cha zamani, kile walichoanzia maisha. Miwili ilikuwa imeliwa na mchwa. Miwili ilikuwa mizima, minene, ya pembe nne.

Tuna msumeno wa mkanda. Bladi yake ni nyembamba na ndefu, imeungwa kama mkanda. Inazunguka kwenye magurudumu mawili na kupita katikati ya meza. Inafaa sana kukata mistari iliyopinda. Lakini baba amezoea mbao kubwa. Siku hiyo alipandisha kinga ya bladi juu kabisa, ati aone vizuri, na mikono ya shati lake ilining'inia. Akakata tundu la ndani kwanza. Baadaye akataka kupasua upande wa chini uwe kitako. Mti ulikuwa mtupu tayari. Ukatetemeka, ukabana bladi, ukamponyoka. Ukavunjika vipande viwili, na kucha ya dole gumba lake ikang'oka.

Baba alikaa kwenye benchi akitazama vile vipande. Kidole hakukitazama.

Mama Bladi alisikia kishindo akaja. Ni jirani yetu na rafiki wa mama, kazi yake ni kunoa na kuunga bladi. Alikiosha kidole, akakifunga kitambaa, huku ulimi wake haupumziki.

"Shemeji, dada yangu ameomba kisanduku," akasema. "Hakuomba na kidole ndani yake."

Baba alicheka kwa shida. Akasema mguu uliobaki hataugusa. Atanunua kisanduku dukani, yaishe. Mimi mbele ya watu huwa sina neno, lakini siku hiyo lilinitoka.

"Mama atajua."

"Atajua nini?" baba akauliza.

"Kwamba si chetu."

Mama Bladi akanigeukia. Akasema kitambaa cha kidoleni hakisogei karibu na bladi, kitavutwa. Kwa hiyo nitakata mimi, na yeye atasimama pembeni. Baba akaguna, akanisogezea penseli.

Kesho yake Mama Bladi alinifunga nywele na kunikunja mikono ya gauni. Alinivalisha miwani ya kazi. Tulikagua mti wote, tukang'oa msumari mmoja wenye kutu, maana msumari unaweza kukata bladi. Nikaishusha kinga mpaka ikabaki nafasi ya kidole kimoja juu ya mti.

"Kitako kwanza, mti ukiwa bado mzima," akasema. "Ukishautoboa, hauna nguvu ya kutulia."

Baba alichora mistari miwili ya penseli ubavuni, toka juu mpaka chini, ili vipande virudi mahali pake. Mistari yake siku zote inalalia kushoto. Nikausukuma mti kwa kipande kingine cha ubao, vidole vyangu mbali na njia ya bladi. Kitako kikatoka, kisha kifuniko. Ndipo nikaingiza bladi kupitia ubavuni, polepole, nikazunguka kukata tundu la ndani. Nilipomaliza sikuurudisha mti nyuma bladi ikizunguka, maana ungeing'oa kwenye magurudumu. Nilizima mashine, nikangoja bladi isimame kabisa.

Tulipaka gundi kwenye kitako na kwenye ule mpasuko wa ubavuni, tukabana kwa jiriwa mpaka Ijumaa. Nikapiga msasa. Baba aliponiona nakaribia mistari ya penseli, alinishika mkono. Mistari ikabaki.

Jumapili ya pili simu ililia mapema. Mama alisema kisanduku kimefika, na amekinusa mbele ya wenzake wakamcheka. Akauliza kidole cha baba kinaendeleaje, maana Mama Bladi hafichi neno. Baba akamweleza kuhusu kinga na mikono ya shati. Siku hizi haiwashi mashine kabla hajavishughulikia vyote viwili.

"Mistari hii ni ya baba yako," mama akaniambia. "Inalala kushoto, kama yeye mwenyewe kitandani."

Baba akatoka nje kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Kile kipande kilichotoka ndani ya kisanduku sikukitupa. Nimekiweka chini ya mto wangu. Mama akirudi, tutakiingiza mahali pake tuone kama bado kinatosha.