Mvumo wa Kanda ya Arobaini na Moja

Kanda ilikuwa imekwisha, gurudumu linazunguka tupu, lakini mshale wa sauti haukulala. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliye usingizini. Fundi sauti, mwanamke ambaye kazini wote walimwita Masikio, akaugonga kwa ukucha akidhani umekwama. Haukuwa umekwama.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Zamani mtafiti mmoja alizunguka mkoa mzima akirekodi watu, na alipokufa vitu vyake vikagawanywa: kanda zikaenda makumbusho, madaftari ya maelezo yakaenda maktaba. Sasa nyumba hizo mbili zimeungana, eti, kuingiza vyote kwenye kompyuta visipotee. Kuungana gani huko! Wiki ya tatu hiyo, mkurugenzi wa makumbusho na mkuu wa maktaba bado wanabishana nembo ya nani itangulie kwenye tovuti, na mpaka waafikiane, maktaba haitoi hata karatasi moja. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

"Sauti ni sauti," mkurugenzi alimwambia Masikio. "Daftari la nini?"

Kwenye boksi la kanda ya arobaini na moja paliandikwa jina la mwanamke. Lilikuwa jina la mama yake.

Masikio alikuwa mtoto wa siku nane mama yake alipofariki. Mama mdogo ndiye aliyemlea, akampa kila alichokuwa nacho, lakini sauti ya marehemu angeitoa wapi? Miaka arobaini Masikio aliitamani sauti hiyo, na leo alikuwa nayo mkononi.

Kanda ilikuwa imeoza. Ilichezeka mara moja tu, ikamomonyoka, ikaacha unga wa kahawia mezani. Lakini ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta: msichana wa miaka kumi na tisa, anapumua kwa shida, anasema maneno mawili matatu yasiyoshikika, na chini yake mvumo mzito, mmm, mmm, hauna mwisho. Mvumo ule ulimuudhi Masikio kwa sababu ulimfunika mama. Fundi yeyote angeuondoa. Naye akauondoa, saa nne nzima, taratibu, mpaka ukabaki ukimya. Na kwa kuwa mkurugenzi alishaagiza nakala za awali zifutwe kwa uhaba wa nafasi, akaifuta ile yenye mvumo.

Akabonyeza asikilize.

"Nifungulie," sauti ikasema, safi kabisa.

Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limewaka dirishani. Mwenye akili angekimbia, lakini mtu aliyeona kiu miaka arobaini haulizi maji yametoka wapi. Masikio alilia kwa furaha, akaisikiliza mara ishirini, akaitia kwenye simu na kwenda nayo nyumbani.

"Mama mdogo, acha kukunja nguo. Sikiliza. Dada yako huyu."

Simu ikasema, "Mdogo wangu."

Masikio akapigwa na butwaa. Maneno hayo hayakuwemo kwenye rekodi. Kabla hajaizima, mama mdogo, machozi yanamtiririka, alikuwa ameshaitika.

"Abee, dada!"

Kulipokucha mama mdogo hakuwa na sauti. Daktari alimulika koo, akaona zima. Mama mdogo akaandika kwenye karatasi: *Ananiita.* Na kweli aliitwa, kutwa nzima, mara kutoka kwenye simu iliyozimwa, mara ndani ya kabati la nguo, mara kwenye bomba la jikoni ambalo halikuwa limefunguliwa, na kila alipoitwa mdomo wake ulifunguka kuitika bila yeye kutaka, ukatoa ile harufu ya nywele badala ya neno, mpaka akawa anaufunga kwa khanga na kukaa kitandani akimtazama Masikio kwa macho ya mtu anayeuliza, mwanangu, umeniletea nini.

Siku ya nne wakubwa wakaafikiana: nembo zote mbili, ukubwa sawa. Yaani ugomvi wote ule bure! Daftari likaja. Masikio akafungua namba arobaini na moja.

*Mgonjwa ana jini kooni. Mganga amemfunga kwa mvumo. Mvumo huu ndio kufuli, si hitilafu, usiondolewe kamwe. Jini akiita, asiitikiwe.*

Akakaa sakafuni. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

Mjukuu wa yule mganga, ambaye Masikio alimtafuta kwa jina lililokuwa daftarini, alikuwa fundi cherehani. Alikuja na futi yake shingoni, akasikiliza sekunde tatu, akazima.

"Babu alikufa na mvumo wake," alinong'ona. "Mimi siuwezi. Futa sauti yote. Jini asiye na sauti hana pa kukaa."

"Sina nyingine ya mama yangu."

"Najua, dada. Na huyu aliyejifunga mdomo, ni nani yako?"

Yule mjukuu akasoma dua, Masikio akafuta, kwenye simu kwanza, kisha kwenye kompyuta. Alipofikia ya mwisho, sauti ikamwita kwa upole, "Mwanangu." Hakuna aliyewahi kumwita hivyo kwa sauti ile. Akauma mdomo mpaka damu ikatoka, akabonyeza.

Jioni mama mdogo akakohoa, akasema, "Nipe maji." Masikio akampa, akatoka nje kulia.

Siku ya uzinduzi wa tovuti ukumbi ulijaa, alasiri. Mkuu wa maktaba akasimama, kifua mbele.

"Wenzetu wanadai kanda ya arobaini na moja imepotea. Bahati nzuri hatukuwaamini tangu mwanzo. Mtu wetu alikuwa akinakili kazi yao kila jioni, kimyakimya. Kuanzia sasa hivi iko kwenye tovuti, kila mtu aisikie!"

"Zima!" Masikio alipiga kelele. Watu wakageuka kumcheka. Vipaza sauti vikasema, "Mdogo wangu," na ukumbi ukapiga makofi.

Akakimbia nje, anapiga simu nyumbani, maana saa hiyo mama mdogo hulala, na mtu anayezinduliwa usingizini huitika kabla hajafikiri.

Simu ikapokelewa.

"Mama mdogo! Ukiitwa usiitike! Unanisikia? Usiitike!"

Kisha akasikia msichana wa miaka kumi na tisa, asiyepumua tena kwa shida.

"Ameshaitika, mwanangu. Bado wewe."