Anayemdai Raymundi Aje na Karatasi

Nakutegea wewe unayesoma, na usimuulize jirani. Mgeni wangu hapigi hodi mlangoni. Hakai kitini, hali ugali wangu, hanywi maji yangu. Lakini akifika, naacha chungu kiungue. Ni nani?

Umesema simu? Umepatia. Ungeshindwa ningekudai mji, na ningechukua Bagamoyo nzima pamoja na minazi yake.

Basi nikusimulie habari ya simu moja. Ni simu ya jirani yangu Clara, hapa Kerege.

Clara ana kitalu cha miche kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Anauza miche ya miembe, milimao na mipapai, na maua ya kila rangi. Wenye magari husimama, huchagua, hununua. Kitalu hicho alikianzisha na mumewe, Raymundi. Raymundi alichimba kisima. Kisha akakopa kwenye kampuni ya mikopo, akanunua pampu ya maji. Kila mwezi alirejesha bila kuchelewa.

Mwezi wa sita Raymundi aliugua ghafla, akafariki. Tulimzika hapa hapa Kerege. Pale makaburini kaka yake mkubwa, Amedeus, alisimama kusema neno la familia, kama ilivyo desturi yetu.

"Kama yupo anayemdai marehemu, aje kwa familia," alisema. "Na anayedaiwa na marehemu, naye aje."

Watu wawili walikuja. Fundi baiskeli alikuwa anadai shilingi elfu nne. Akasema amesamehe. Mama anayeuza mbolea akaleta elfu kumi aliyokuwa anadaiwa. Familia ikashukuru. Wote wakadhani mambo yamekwisha.

Wiki ya tatu baada ya mazishi simu ya Clara ikaita.

"Wewe ndiye mjane wa Raymundi?" aliuliza mwanamume. Hakusalimia.

"Ndiye mimi. Habari za asubuhi, kaka?"

"Habari ni deni. Utalipa lini deni la mumeo?"

"Kaka, nimezika juzi tu."

"Najua. Si mlitangaza wenyewe makaburini kwamba anayedai aje? Mimi ndiyo nimekuja. Au mlikuwa mnafurahisha watu?"

Mtu huyo hakuwepo makaburini. Lakini nani asiyejua kwamba kila msiba hutangaza hivyo? Maneno yale yalimkamata Clara. Kwake, tangazo la shemeji yake lilikuwa ahadi iliyotolewa mbele ya jeneza. Akauliza alipe wapi. Akatajiwa namba ya simu, akatuma elfu sitini. Hakuomba karatasi. Usimcheke. Hata mimi ningetuma.

Tangu siku hiyo simu haikulala. Ilimfuata kisimani, ikamfuata kanisani. Mtu yule akampigia hata mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, akamwambia kwamba Clara ni mwizi wa pesa za watu. Clara akaona aibu, akatuma tena elfu sitini. Akatuma tena, na tena. Mara nne. Kila mara aliambiwa, "Hiyo ni faini tu. Deni lenyewe bado liko pale pale."

Mwisho mtu yule akasema, "Ijumaa nakuja na gari kuchukua pampu. Ama uiuze mwenyewe, unitumie pesa."

Wakati huo ulikuwa kiangazi. Bila pampu, miche haimalizi siku nne. Na bila miche, Clara na watoto wake wangekula nini?

Mama mzaa Raymundi, Bibi Paskalina, alikuwa bado yuko hapa. Alikuja msibani kutoka Matombo, kule Morogoro. Siku moja simu iliita Clara akiwa na udongo mikononi. Akaibonyeza kwa kidole kimoja, akaweka spika.

"Mumeo hatapumzika huko aliko mpaka tulipwe!" sauti ilifoka.

Bibi Paskalina aliweka ungo chini.

"Clara," alisema, "mwanangu kalala na deni la watu?"

Clara akakata simu, akapangusa udongo mikononi.

"Sirudi Matombo bila jibu hilo," alisema bibi. "Baba yake ataniuliza. Nitamwambia nini?"

Clara akaamua kuuza pampu. Mnunuzi wa Msata aliahidi kuja Alhamisi. Asubuhi ya siku hiyo Clara aliinama kisimani na spana, akaanza kulegeza nati.

"Hodi hapa! Nataka milimao miwili, lakini isiwe ile ya kulialia."

Alikuwa Mwanvita. Mwanvita ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Si wakili. Amefundishwa sheria zinazogusa maisha ya kila siku, na huwasaidia watu bila malipo.

"Karibu, dada Mwanvita."

"Ahsante. Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu," Bibi Paskalina aliitikia kutoka jikoni.

"Loh! Pampu imeharibika?"

"Haijaharibika. Naiuza. Nadaiwa."

"Unadaiwa na nani?"

"Kampuni aliyokopa Raymundi."

"Kampuni haina mdomo, dada yangu. Anayekupigia ni nani?"

"Hasemi jina. Anasema yeye ni afisa."

"Afisa asiye na jina! Hata mbuzi wangu ana jina. Amekuonyesha mkataba?"

"Hapana."

"Ulipotuma pesa, alikupa risiti?"

"Hapana."

Mwanvita akaketi juu ya ndoo. "Haya, nikutegee. Hakili, hakinywi, kinakaa mfukoni, lakini mwizi akisikia unakitaja, anakimbia."

"Polisi!" akajibu Bibi Paskalina, akitoka jikoni.

"Polisi hatoshi mfukoni, bibi! Ni risiti."

Clara akacheka. Nilikisikia kicheko chake kutoka kwangu, maana uzio wetu wa minyaa hauzuii sauti. Sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Kwa hiyo hakuna deni?" Clara aliuliza.

"Sijasema hivyo. Raymundi alikopa kweli. Deni la kweli halifutiki kwa sababu mkopaji amefariki. Lakini hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi. Wewe ulitia saini mkataba ule? Ulimdhamini?"

"Sikutia saini mahali popote."

"Basi deni halikuhamia kwako kwa sababu tu ulikuwa mke wake."

"Lakini Shemeji Amedeus alitangaza, Mwanvita. Mbele ya watu wote."

"Alitangaza vizuri kabisa. Alisema anayedai aje kwa familia. Fundi baiskeli alikuja. Mnamjua, na kazi aliyofanya mliiona. Huyu wa simu hajaja, hana jina, hana karatasi. Tangazo la msiba linamwita mwenye deni aje aeleze. Halisemi kila mwenye kelele alipwe."

Clara alitazama spana mkononi mwake. "Anasema kesho anachukua pampu."

"Mali haichukuliwi kwa simu. Hata kama pampu iliwekwa dhamana, kuna mkataba, kuna notisi ya maandishi, na kuna utaratibu wa sheria. Mtu akija na gari bila karatasi, mwite mwenyekiti wa kijiji, na polisi wapigie."

"Na kumpigia mwenyekiti wa jumuiya? Kuniita mwizi?"

"Haruhusiwi. Aliyekopesha ana haki ya kudai chake, na adai kwa heshima. Hana haki ya kukutukana, kukutisha, wala kutangaza mambo yako kwa watu wengine. Kampuni za mikopo hupewa leseni na Benki Kuu, na Benki Kuu hupokea malalamiko. Unaanza kwa kuilalamikia kampuni yenyewe, kwa maandishi, na nakala unabaki nayo. Usiporidhika na majibu, unakwenda Benki Kuu."

Mwanvita akafikiri kidogo. "Mkopo ule ulikuwa na bima?"

"Bima? Kama ya gari?"

"Bima ya mkopo. Si mikopo yote inayo, lakini mingi inayo. Mkopaji akifariki, bima hulipa kilichobaki. Ila lazima kampuni ipewe taarifa pamoja na cheti cha kifo. Mliwapelekea?"

"Cheti tunacho. Kiko ndani ya Biblia." Clara akaweka spana chini. "Hatukuwapelekea. Tulitangaza makaburini."

"Makaburini kampuni haikuwepo."

Hapo simu ikaita. Wote watatu wakaitazama. Clara akafuta mkono kwenye kanga, akaweka spika.

"Pesa iko wapi?"

"Habari za asubuhi, kaka. Naomba jina lako."

"Jina langu la nini? Unataka kunioa?"

"Nimeolewa mara moja, inanitosha. Nataka kuliandika."

"Wewe mama, usinichezee! Kesho nakuja..."

"Karibu. Ukija, uje na kitambulisho cha kazi, mkataba wa mume wangu, na hesabu ya kilichobaki. Na uniambie, mkopo ule ulikuwa na bima?"

Mtu yule akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Anayemdai Raymundi aje na karatasi," alisema Clara. "Mimi niko hapa kitaluni kila siku."

Akakata simu. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Nimeishi miaka mingi na nimewaona wanaume wakubwa wakinywea mbele ya simu za namna ile. Mwanamke huyu, na machozi ya msiba hayajamkauka, alizungumza kwa adabu mwanzo hadi mwisho na hakurudi nyuma. Nusura nipige kigelegele huku kwangu.

"Amekataa kusema jina," alisema Clara.

"Lete simu hiyo. Ulipotuma pesa, meseji ilikuja?"

Clara alizitafuta meseji za malipo. Zote nne zilikuwepo. Kila moja ilionyesha tarehe, kiasi na jina la aliyepokea: Emmanueli, na la ukoo wake. Halikuwa jina la kampuni.

"Umekuwa ukimlipa Emmanueli," alisema Mwanvita. "Usifute hata meseji moja."

Clara akampigia mnunuzi wa Msata, akamwomba radhi. Kisha akashika spana, akazikaza zile nati.

Ijumaa hakuja mtu na gari. Hata hivyo, Clara hakukaa kumngoja. Alimwacha Amedeus alinde kitalu, naye akapanda gari kwenda Bagamoyo, kwenye tawi la ile kampuni. Alibeba cheti cha kifo na nakala yake. Alibeba barua ya malalamiko, aliyoiandika usiku kwa mkono wake mwenyewe, nakala mbili. Mwanvita alimsindikiza, lakini aliyezungumza ni Clara.

Ofisini walipokewa na dada aitwaye Habiba. Alisoma barua yote, akainua macho.

"Pole sana, mama. Hatukujua kwamba amefariki. Tuliona marejesho yamesimama, tukampa wakala wa nje adai. Naye hakutuambia kuhusu msiba."

"Na pesa nilizotuma? Laki mbili na elfu arobaini."

Habiba alitafuta kwenye kompyuta. Akatikisa kichwa. "Hazikuingia kwetu hata shilingi. Malipo yetu hupokelewa kwa namba ya kampuni tu. Hili ni kosa, na tutalifuatilia."

"Mkopo ulikuwa na bima?"

"Faili lake liko makao makuu. Nitaliomba, halafu tutakupigia simu."

"Hapana, mdogo wangu," alisema Clara. "Msinipigie. Niandikieni."

Habiba akatabasamu. Akagonga muhuri kwenye nakala ya barua, akamrudishia Clara.

Simu za matusi zikakoma. Clara akamwagilia miche asubuhi na jioni. Amedeus akafungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, ili familia iwe na msimamizi anayetambulika. Bibi Paskalina alifunga mizigo yake, lakini hakuondoka. Kila aliyepita na bahasha alimtazama mkono.

Barua ilifika wiki ya tano tangu waende Bagamoyo. Clara aliisoma akiwa amesimama katikati ya miche ya mipapai. Ilisema kwamba mkopo wa Raymundi ulikuwa na bima. Bima imelipa kilichobaki, na hesabu imefungwa. Wakala yule, Emmanueli, ameondolewa kazini, na kampuni itamrudishia Clara pesa zote alizotuma. Chini palikuwa na jina kamili la mtu, saini na muhuri.

Aliisoma mara ya pili, polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akaingia ndani. Bibi Paskalina alikuwa ameketi kwenye mkeka, rozari mkononi. Clara akapiga magoti mbele yake, akaiweka barua mapajani mwake.

"Mama, uliniuliza kama Raymundi kalala na deni la watu," alisema. "Hapana, Mama. Hadaiwi."