Mgeni wa Kisanduku

Majina ambayo Krysia aliyaandika kwenye kisanduku kipya cha televisheni yalikuwa mawili, la mama yake na la baba yake. Wiki moja baada ya Krismasi alipowasha televisheni ya wazazi wake alikuta matatu. GENOWEFA. ZYGMUNT. Na chini yao, kando ya kiduara cheusi kisicho na picha: MGENI.

"Mama, nani kaandika hili?"

"Mimi," Bi Genowefa akajibu kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Kisanduku chenyewe kiliniuliza, 'Kuna mwingine nyumbani?' Nami ndiyo kwanza nimeweka sahani ya mkesha. Ningesemaje hapana?"

Krysia akacheka. Kila Mpolandi wa mji wa Buffalo, huko Marekani, ameila hiyo karamu ya mkesha wa Krismasi, na kila mmoja ameiona ile sahani tupu inayowekwa mezani kwa ajili ya mtu asiyetazamiwa. Lakini kumwekea jina kwenye televisheni!

"Basi akija tumwashie hoki."

"Usidhihaki, mwanangu. Mgeni akiingia, Mungu ameingia."

Mzee Zygmunt, kwenye kiti chake, hakucheka. Alikuwa akitazama kile kiduara cheusi, kichwa kakiinamisha kama mtu anayesemeshwa kwa sauti ya chini.

Krysia alikuwa amekichagua kisanduku kile kwa wiki tatu nzima. Huduma ya zamani ya kebo ilikuwa imesitishwa, na wazazi wake walitaka ibada ya Kipolandi na muziki wa polka, basi. Kisanduku cha kwanza kilikuja na rimoti yenye vitufe thelathini. Baba akabonyeza kimoja, televisheni ikasema Kihispania siku mbili. Cha pili rimoti yake ilikuwa nyembamba kama biskuti, ikazama ndani ya kochi isionekane tena. Cha tatu alikipata pembeni ya duka, boksi lisilo na jina la aliyekitengeneza. Rimoti yake ilikuwa nene kama tofali, ina kitufe kimoja tu. Mengine yote kisanduku kiliuliza chenyewe, kwa sauti ya upole, na mtu akajibu.

"Mtumiaji hahitaji kujua kitu," muuzaji alimwambia. "Ajue tu kusema ndiyo."

Krysia alikwenda nacho nyumbani amefurahi.

Kisanduku kilipopumzika kilionyesha picha za familia, moja baada ya nyingine. Jumapili iliyofuata, wakila supu, ikapita picha ya baba na kaka yake Bronek wakivua samaki juu ya barafu ya ziwa. Krysia aliijua picha ile tangu utotoni. Lakini mahali pa Bronek palikuwa na mtu aliyegeuza mgongo, amevaa koti refu jeusi, na sebuleni kukaingia harufu ya sufu iliyoloana.

"Baba," Krysia akasema, "Bronek kaenda wapi hapo?"

"Bronek nani?"

"Kaka yako."

Mzee akapuliza supu yake. "Mimi sina kaka."

Bi Genowefa akaweka kijiko chini.

Jumanne mama akapiga simu, sauti yake nusu ya kawaida. "Krysia, leo imepita picha ya kiwandani. Yule mwenye koti kakaa mahali pa baba yako, na baba yako ananiuliza alifanya kazi gani maisha yake yote. Miaka thelathini na moja! Na kuna mlio."

"Mlio gani?"

"Kijiko. Kinakwangua sahani tupu. Unatoka humo ndani."

Krysia akafika saa kumi jioni, theluji imefunika magari na dirisha limeshageuka rangi ya bluu. Aliusikia kabla ya kuvua viatu: kwa, kwa, kwa, taratibu, kama mtoto mwenye njaa aliyekatazwa kuomba. Akachomoa plagi. Mlio haukukoma. Akakikumbatia kile kisanduku pamoja na nyaya zake, akatoka bila koti, akakitupa kwenye pipa la taka mwisho wa uzio, akarudi mbio, na kwenye televisheni isiyokuwa na kitu chochote nyuma yake yakawa yameandikwa maneno meupe, na ile sauti ya upole, ambayo yeye mwenyewe aliisifia dukani, ikasema, "Zygmunt, bado unatazama?"

"Ndiyo," baba akajibu kwa adabu.

"Baba, usijibu!"

Mzee akageuka. Macho yake ya kijivu yalimpitia Krysia usoni kama mtu anayesoma kibao cha mtaa asioujua. "Dada," akasema, "wewe unatoka kanisani?"

Hapo Krysia akajua kwamba picha ya utoto wake nayo ilikwisha kuliwa.

Nyumba ya tatu kutoka pale aliishi Bi Apolonia, mwanamke wa miaka tisini ambaye kina mama humpelekea watoto wanaoshtuka usingizini, naye huwamwagia nta ya moto ndani ya bakuli la maji baridi lililoshikwa juu ya kichwa, mpaka nta ionyeshe umbo la kilichowatisha. Krysia alipomwita, alikuja na bakuli lake, akamshika mzee bega, akamwaga. Nta ikaganda majini. Ikawa duara, katikati wazi, ukingoni meno.

"Sahani," Bi Genowefa akanong'ona.

"Kinywa," akasema Bi Apolonia. "Genowefa, sahani ya mkesha tunaiondoa asubuhi. Jina la mgeni umeliondoa?"

"Sikujua namna ya kuliondoa."

"Basi bado yuko mezani, na hamkumpa chakula. Anakula alichokikuta."

"Mfukuze!" Krysia akasema. "Tafadhali, Bi Apolonia."

"Mgeni wa mkesha hafukuzwi, binti, ukimfukuza anaondoka na vyote. Husindikizwa. Aliyemkaribisha ndiye amfungie cha njiani. Kiwe kikubwa kuliko alichokula, naye atatapika mengine."

"Mimi ndiye niliyekichagua kisanduku. Achukue changu."

"Na aliyesema karibu ni nani?"

Bi Genowefa alikuwa tayari anafuta unga mikononi. Akasogea mbele ya televisheni, mwanamke mfupi mwenye aproni, na kwenye kioo ikawa imebaki picha moja tu, ya harusi yao, yeye na shada la maua, Zygmunt na nywele nyingi, na ukingoni lile koti jeusi likisubiri. Na Krysia, aliyekuwa amemshika mama yake kiwiko, akausikia mlio wa kijiko ukisogea karibu na kukaza mwendo, akasikia harufu ya sufu iliyoloana ikijaa mpaka kooni, akaona lile koti likianza kugeuka polepole, bega kwanza, kisha ukosi, kisha mahali ambapo uso ungekuwa, akafumba macho, akamsikia mama yake akisema kwa sauti ileile aliyotumia kuwaaga watu mlangoni na chakula cha kubeba:

"Nichukue mimi humo. Picha zote nilizomo kichwani mwa Zygmunt, kuanzia siku ya kwanza. Shika, uende salama."

Kijiko kikaanguka. Kioo kikazimika. Kitu kikapita kati yao kikiwa na baridi, na mlango wa mbele ukafunguka na kujifunga wenyewe, taratibu, kama mtu anayechunga asiwaamshe watoto.

Mzee Zygmunt akapepesa macho.

"Krysia! Mbona unalia? Njoo hapa." Akamshika mikono, akacheka. "Nilikuwa namwaza Bronek. Siku ile barafu ilipopasuka akakimbia akaniachia ndoo, mwoga yule!"

Krysia akamwangukia shingoni. Baba yake alikuwa amerudi, mzima, na kaka yake na kiwanda chake.

Kisha mzee akamwona mwanamke mwenye aproni, aliyesimama kando ya televisheni. Akainuka kwa shida, kwa maana hakupata kamwe kubaki ameketi mbele ya mama wa watu aliyesimama, akafunga vifungo vya sweta lake.

"Samahani, bibi, sikukuona. Karibu. Unamtafuta nani?"

Bi Apolonia akatazama pembeni. Bi Genowefa akavuta kiti kilichokuwa karibu na cha mzee, akakaa, akatandaza aproni magotini.

"Wewe," akasema. "Nimekuja kukaa."