Posa Iliyofika Tripoli

Thabit hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto, wala shahada ya chuo, wala nywele za mbele. Lakini adabu alikuwa nayo, tena tele, na ndiyo iliyomponza.

Asubuhi hiyo Shatha aliingia dukani kwa Thabit, duka la uchapaji mtaa wa Darsait, Maskati, simu mkononi, uso umemsawijika. Alikuwa Mlibya, akiishi chumba cha juu ya duka. Thabit ndiye aliyemchapishia karatasi zake zote za kudai wanawake wakae kwenye mazungumzo ya amani ya nchi yao.

"Thabit, nani kamwambia kaka yangu ninapokaa?"

"Mimi!" Thabit akatabasamu. "Namba nimeipata kwenye tangazo la duka lake la Tripoli. Nimekuposa."

Shatha akashika meza.

"Umeniposa kwa Loai?"

"Baba yako si marehemu? Walii wako, wa kukuoza, ni yeye. Akaniuliza unakaa nyumba gani, nikamwambia. Mposaji hafichi kitu."

Shatha akamsomea ujumbe: "Nimeshajua uko Maskati. Nakuja kukuchukua. Safari hii hutatoka tena chumbani."

Thabit akakaa chini bila kutafuta kiti.

"Alinifungia miezi minne," Shatha alisema, "kwa sababu nilizungumza redioni. Miaka mitatu nimejificha. Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe kabla ya walii? Ningekuvunjia heshima, Shatha!"

"Nadai wanawake wa nchi nzima waulizwe. Wewe umeshindwa kumuuliza mmoja, anayekunywa kahawa yako kila siku!"

Nasriya, dada yake Thabit, alikuwa nyuma ya pazia akisikia yote. Akatoka na buibui lake begani.

"Kaka, vitabu vyote hivyo ulivyosoma darasa la usiku, ulikuwa unatazama picha?" Akamshika Shatha mkono. "Twende, mwanangu. Tunapita polisi kwanza."

"Unampeleka wapi?"

"Wewe? Nikwambie wewe?"

Chumba cha juu kikabaki kitupu.

Siku ya tisa simu ya Thabit ililia. Ujumbe wa Shatha: "Niko salama. Polisi wanajua habari za Loai. Usinipigie. Ukiwa na neno, liandike. Nitalisoma siku nikitaka."

Thabit alichana karatasi sita. Ya saba aliandika:

"Shatha, nilimheshimu mtu asiyekuheshimu, nikakuponza. Nisamehe. Sasa nakuuliza wewe mwenyewe: unanitaka? Ukisema hapana, nimesikia, na karatasi zako nitaendelea kuzichapa. Ukisema ndiyo, tutakwenda pamoja kwa kadhi, tumwombe yeye awe walii wako."

Akaikunja, akaitia katika bahasha, akailamba gundi yake, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Juu yake akaandika jina lake tu: Shatha.

Nasriya akaipokea, akaigeuza huku na huku.

"Na anuani? Huniulizi, kaka?"

Mkono wa Thabit ulikuwa bado na kalamu. Akaifunika.

"Usiniambie," akasema. "Ipeleke."