Kisima Kilichochanjwa

Kila jioni, akitoka shule, Christella alivua sare, akachukua jerikeni ya njano na kuteremka kisimani. Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba yao, upande wa chini wa kilima cha Kibagabaga. Bomba la maji lilikuwa limefika juu kwenye nyumba zenye mageti, basi likachoka hapo. Wakubwa walikuja wakapima, wakaondoka, wakaja wengine wakapima tena. Watu wa chini wakabaki na kisima chao.

Nyumbani aliyachuja maji kwa kitambaa safi, akatia kifuniko kimoja cha dawa ya maji, akakoroga, akafunika, akangoja nusu saa. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake kabla hajafariki. Baba yake, mzee Eustache, fundi wa kujenga, alilalamika kwamba chai inanuka dawa, lakini aliinywa.

Masika yalipofika, maji ya mvua yaliteremka na taka zote za juu yakaingia kisimani. Mkuu wa mtaa, Kubwimana, akaja na watu waliobeba klorini. Wakamimina, wakapiga picha, wakakataza watu kuchota mpaka kesho yake. Halafu Kubwimana akawaambia waliokusanyika kwamba kuanzia siku hiyo kisima kimechanjwa, wasiogope tena.

Watu walipiga makofi. Nasimiyu, jirani Mkenya anayeuza chapati mtaa wa Gisimenti, alitaka kujua kama kisima kitapewa na kadi ya chanjo. Wakacheka. Christella alinyoosha mkono akauliza dawa hiyo itakaa muda gani. Kubwimana hakumtazama hata kumtazama. Alisema watoto wangoje wakubwa wamalize kuongea.

Jioni hiyo Christella alipofungua chupa ya dawa, baba yake alimzuia. Kisima kimechanjwa, alisema, ya nini kuharibu chai? Chupa ikarudi rafuni. Nyumba nyingine nazo zikafanya hivyo hivyo. Watu wakachota kwa ndoo yoyote, hata ile ya kufulia, maana kitu kilichochanjwa hakiugui.

Baada ya wiki chache Bruce, mdogo wake Christella, akaanza kuharisha. Kufika asubuhi macho yalikuwa yamezama na midomo imekauka, na alipolia machozi hayakutoka. Eustache alimfunga kifuani kwa kitenge cha marehemu mkewe, akapanda pikipiki, Christella akafuata na nyingine.

Hospitalini muuguzi mmoja, Illuminée, alimtundikia mtoto maji ya mshipani, kisha akauliza wanakunywa maji gani. Eustache akaeleza habari ya chanjo, na kwamba dawa wameacha kutia. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Mzee, kisima kina mkono wa kuchomwa sindano? Klorini inaua vijidudu vilivyomo siku ile. Kesho mvua inaingiza vingine. Ndoo chafu inaingiza vingine. Nani alikuambia uache dawa ya nyumbani?"

Eustache alitoka nje akaegemeza paji la uso ukutani. Christella aliogopa, maana alikuwa amemwona baba yake hivyo siku moja tu, siku ya mazishi.

Bruce alipona, lakini hasira ya Eustache haikupona. Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, mtaa mzima ulipomaliza kusafisha mitaro na kukaa mkutanoni, alisimama akamuuliza Kubwimana mbele ya watu kwa nini aliwadanganya. Kubwimana akatabasamu. Alisema serikali imefanya kazi yake, na kwamba magonjwa hutoka kwenye uchafu wa nyumba.

"Nyumba isiyo na mama," akaongeza, "unategemea usafi gani?"

Eustache akamwendea. Wanaume wawili wakamshika. Lakini aliyesema alikuwa Christella, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia.

"Mkuu, nyumba yetu haina mama, lakini ilikuwa na dawa. Mdogo wangu hakuugua tulipokuwa tunaitia. Tuliiacha siku uliyosema kisima kimechanjwa. Nilikuuliza dawa itakaa muda gani, ukaninyamazisha."

Nasimiyu akasema hata yeye aliacha, na watoto wake wawili wameharisha. Mwingine akasema hivyo, na mwingine. Tabasamu la Kubwimana likaisha.

"Sasa mnataka nini?" akauliza.

"Mawe," Eustache akasema. "Na saruji. Na wewe ubebe."

Kazi ilianza siku hiyo hiyo. Walijenga ukingo kuzunguka mdomo wa kisima na mfereji wa kupitisha maji ya mvua mbali, wakatengeneza mfuniko, wakafunga ndoo moja ya wote isiyogusa chini. Kisha watu wa afya wakaja kutia klorini upya, na maji yakachotwa na kumwagwa mpaka harufu ikaisha. Safari hii walieleza wazi kwamba kila nyumba iendelee kutia dawa kila siku. Kubwimana alibeba mawe. Samahani hakuomba.

Jioni ya siku waliyoruhusiwa kuchota tena, Eustache alishusha chupa kutoka rafuni mwenyewe, akampa binti yake. Bado alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Mwanangu, walikukosea, na mimi nikakukosea. Yule alikunyamazisha mkutanoni, mimi nikakunyamazisha jikoni. Bomba hawajatuletea, na nitawadai mpaka nife. Lakini tumbo la Bruce haliwezi kuwangoja. Mkubwa akisema neno usilolielewa, uliza. Akikunyamazisha, uliza tena. Vijidudu haviheshimu cheo cha mtu."

Christella akapima dawa, akakoroga, akafunika. Bruce akaja na kikombe chake, akaanza kulia kwa kiu. Wakamwacha alie mpaka nusu saa iishe.